Jaketi ya mtumba yenye beji ya viganja saba vilivyokatwa, hii ni beji ya nini?

dogo_wa_burma
Wadau habari zenu. Jumamosi nilikuwa soko la Gikomba nikaokota jaketi safi, kamera kabisa yaani grade ya kwanza, soo tatu baada ya kusumbuana na yule mama hadi akachoka na mimi. Kifuani kuna beji ya kushonwa na uzi, mnara katikati halafu kuzunguka pembeni ni mikono, yaani viganja tu bila mwenyewe, nimehesabu ni saba, na chini imeandikwa Simancas. Sasa mathe ameiona kwa kamba ikikauka anasema hayo ni mambo ya giza, niitoe ama nisiingie nayo kwake. Kuna mwenye anajua kabla sijachukua wembe?

mzee_wa_ramani
Weka wembe chini kijana. Simancas ni kamji kadogo huko Uhispania, karibu na Valladolid, mto Pisuerga unapita hapo, na hiyo ndiyo nembo yao. Wanahadithia kwamba zamani wafalme Wakristo wa kaskazini walikuwa wanatoa kodi ya wasichana mia moja kwa watawala Waislamu wa Córdoba, na Simancas ikaambiwa ilete saba. Wale saba wakajikata kila mtu mkono mmoja ili wasitakikane. Mtawala kuwaona akawarudisha, eti mkinipa vilema siwataki. Kwa Kihispania mwanamke asiye na mkono ni "manca", na "si mancas" ni kama kusema "kama hawana mikono", basi wanasema jina la mji lilitoka hapo.

Achieng_maktaba
Mzee stori ni tamu lakini imepikwa 😂 Warumi walikuwa wanaita hapo Septimanca karne nyingi kabla Waislamu hawajavuka bahari mwaka 711. Sikiza hilo jina vizuri: saba kwa Kilatini ni "septem", halafu hiyo manca. Jina lilikuwepo, watu wakalitafutia wasichana, na wasichana wakaingia kwa nembo. Hiyo kodi yenyewe wanahistoria wengi hawaiamini. Vita ndiyo ya kweli, 939, mfalme Ramiro II wa León alimpiga Abd al-Rahman III, mtawala wa Córdoba, hapo hapo, na mwaka huo Julai jua lilikuwa limepatwa, hebu fikiria hofu ya wanajeshi. Hata mji wa León wameweka simba kwa nembo kwa sababu "león" kwa Kihispania ni simba, kumbe jina limetoka kwa "legio", kikosi cha Warumi. Granada nao wameweka komamanga, tunda linaloitwa "granada" kwa Kihispania.

Na ngome ya Simancas siku hizi ni mafaili tupu, mfalme Carlos V alianza kuweka karatasi za serikali hapo 1540 na mpaka leo watafiti wanaenda kuzisoma. Kwangu hiyo inashinda mikono.

mzee_wa_ramani
Nimekubali dada. Lakini nembo haihitaji kuwa kweli bana, ona jogoo wetu na shoka lake kwa nembo ya taifa, huyo alikuwa jogoo wa chama cha KANU na mtoto wa leo anaona kuku tu.

dogo_wa_burma
Nimemsomea mathe yote. Anasema damu ni damu, lakini hao wasichana amewapenda vile walikataa, nikamwambia hawakuwepo, akaniambia nyamaza. Jaketi imeruhusiwa mpaka jikoni, sebuleni bado.