MJADALA: Mbaraka Mwinshehe alitisha zaidi Morogoro Jazz au Super Volcano?

Mji Kasoro Bahari: Kwangu mimi Mbaraka, mwimbaji na mpiga gitaa wetu wa Tanzania, ni wa bendi ya Morogoro Jazz, 1965 hadi 1973. Super Volcano, bendi yake ya baadaye, ni yeye na wasindikizaji wake tu. Hata sauti ilishakonda, sikilizeni wimbo wao "Shida" huko mtandaoni.

Besi Nzito: Wasindikizaji? Gitaa hulijui wewe. Wimbo ukianza kuchemka, solo, gitaa la kuongoza, linarudia kipande kifupi kisha linanyamaza kidogo. Pale liliponyamaza ndipo rizim, gitaa la kusindikiza, inapoingia, na besi inaacha pigo ili tumba isikike. Toa rizim uone kama hilo solo litasimama.

Kihonda Kwetu: Kundi la wasindikizaji halipelekwi Japani. Walienda Osaka 1971.

Mji Kasoro Bahari: 1970, na waliokwenda ni Morogoro Jazz. Walikwenda kwenye maonyesho ya Expo 70, na wimbo wenyewe unaitwa "Expo 70". Umenisaidia hoja, asante.

Fundi Santuri: Nani kasema sauti ilikonda? Kosa ni spidi ya aliyeirekodi kutoka kwenye santuri na kuiweka mtandaoni. Kinanda cha santuri kikikimbia kwa asilimia 3, sauti inapanda robo toni. Ikifika karibu 6, nusu toni nzima. Weka juu ya kinanda sahani ya mistari ya kupimia spidi, ile ya mistari 133 kwa spidi ya mizunguko 45 kwa dakika, chini ya taa ya umeme wa 50 Hz. Mistari ikitulia, spidi iko sawa. Ikisogea mbele, punguza. Taa za LED nyingi hazifai, hazipepesi.

Kihonda Kwetu: Sahani ya nini zama hizi? Programu ya simu inakupa noti hapo hapo.

Fundi Santuri: Noti ya gitaa lililofungwa kwa sikio? Bendi ingeweza kukaa juu au chini ya 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kufungia ala, bila mtu kushtuka. Pima mngurumo wa umeme wa studio ulionaswa kwenye rekodi: unapaswa kuwa 50 Hz. Ukisoma 51.5, umekimbia asilimia 3.

Besi Nzito: Na mngurumo ukiwa wa kinanda chako mwenyewe?

Fundi Santuri: Inua sindano. Ukiendelea, ni wako, tengeneza waya wa ethi kwanza. Halafu kagua tundu kubwa la katikati ya santuri, linalojazwa na adapta. Adapta ikilegea, santuri inakaa upande na sauti inayumba kila mzunguko. Hapo usiguse spidi, utapoteza muda bure.

Mji Kasoro Bahari: Mmekimbia swali. Niliuliza bendi, mnanijibu umeme.

Besi Nzito: Uliuliza au ulitukana? Rizim bado hujaiomba radhi.

Kihonda Kwetu: Mwacheni. Fundi, kuna rekodi ambayo gitaa linapanda ghafla katikati ya wimbo. Waligusa kinanda?

Fundi Santuri: Nyimbo nyingi za santuri za spidi ya 45 zilikatwa sehemu mbili. Wameunganisha upande A na upande B, kila mmoja na spidi yake. Rekodi upya pande zote mbili siku moja, kinanda kikishapata moto.