Tupeane uzoefu: kupiga picha Kilimanjaro, saa ngapi, mwezi gani, upande gani?

Lenzi ya Uru: Wakuu, heshima kwenu. Leo nimeamka nikakuta mlima umefunguka, Kibo, kilele kikuu, yote nyeupe kwa theluji ya usiku. Nikawawaza wageni wanaokaa Moshi hadi wanaondoka bila kuuona hata mara moja. Wenye kamera, na wa simu pia, njooni tusaidiane.

Naanza mimi. Huku kusini mawingu yanapanda kutoka msituni jua likishapata nguvu, na ikifika saa nne mara nyingi mlima haupo tena. Unaweza kurudi jioni karibu na saa 12, pengine kilele peke yake juu ya wingu. Ndiyo maana stendi yangu ya kamera iko nje tangu saa 11 alfajiri. Halafu jua la kwetu karibu na ikweta halikawii upeoni, linapanda wima. Ule wekundu kwenye barafu ni wa dakika chache tu. Ukienda kutafuta lenzi ndani, ukirudi umeshakwisha.

Mchana Mwema: Kweli tupu. Aliyelala mpaka saa mbili aisahau.

Nyasi za Amboseli: Mnajisumbua bure. Mlima unapigwa kutoka huku kwetu, upande wa Kenya. Mbele uwanda mtupu, tembo wanapita, Kibo imekaa nyuma nzima bila mti wala nyaya za umeme. Huko Moshi mnapiga mgongo.

Kihamba cha Babu: Mgongo? Mlima uko Tanzania wote, kuanzia mguu hadi kichwa! Njoo Machame uone barafu za kusini zinavyoshuka kwenye majabali, ndipo uzungumze habari ya mgongo.

Nyasi za Amboseli: Sijasema ni wa nani, nimesema unaonekana vizuri kutoka wapi. Usinigombeze.

Kivuli na Nuru: Ndugu zangu, mnagombania misimu bila kujua. Mlima uko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua liko upande wa kusini, kwa hiyo majabali na barafu za upande wa Moshi zinapata mwanga wa ubavuni asubuhi na jioni, na kila ufa unaonekana. Juni na Julai jua limehamia kaskazini: Amboseli inapata uso wenye nuru, huku Moshi tunapiga kivuli, tena chini ya lile wingu zito la miezi ya baridi. Kila upande una miezi yake.

Na msiwe mnageuza picha kwenye programu za simu. Ukiwa Moshi, Mawenzi, kile kilele cha pili, iko kulia kwa Kibo. Ukiwa Amboseli, iko kushoto. Nimeona kalenda imeandikwa Moshi na Mawenzi iko kushoto, nikaumia moyo.

Mchana Mwema: Hilo la Mawenzi sikuwahi kuliwaza. Asante sana mkuu.

Fundi Eksposha: Theluji inaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na barafu inatoka ya kijivu. Ongeza eksposha, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera, hatua moja, hata moja na nusu.

Kihamba cha Babu: Usiongeze! Jua likishapanda unaunguza weupe wote, na ukiungua haurudi hata ufanye nini kwenye kompyuta. Piga kama ilivyo, weka nuru baadaye.

Fundi Eksposha: Tazama grafu ya mwanga nyuma ya kamera, ndiyo itakayotuamua.

Dada wa Rongai: Mmenikumbusha usiku ambao siwezi kuuandika kwa kifupi, mnivumilie.

Tulitoka Kibo Hut, kambi ya mwisho, usiku wa manane, njia ya Marangu. Betri zangu nilizifunga kwenye soksi, nikaziweka kifuani chini ya nguo zote, maana baridi ya kule inazimaliza ukiwa hujapiga kitu. Tulipofika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, anga lilianza kuwaka nyuma ya Mawenzi. Miamba myeusi, moto nyuma yake, na mawingu yametanda chini mpaka macho yanapoishia. Kwa macheo yale ndiyo nilikuwa nimekuja.

Mwenzetu mmoja, kijana aliyetushinda wote kwa nguvu tangu getini, alikuwa amekaa juu ya jiwe anacheka peke yake. Mwongozaji akamwambia asimame, atembee moja kwa moja mpaka kwake. Akapepesuka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akaulizwa jina la mlima, akataja jina la mama yake.

Mwongozaji hakujadiliana na mtu. "Tunashuka. Sasa hivi." Yeye na msaidizi wake wakamshika makwapani. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, imewashwa. Nikaizima, nikaiingiza ndani ya koti, nikabeba begi la yule kijana. Tulitelemka kwenye kokoto huku jua linatupiga usoni, yeye anaburuza miguu, na mimi namwita jina lake kila hatua ili aitike. Kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyorudi. Karibu na Kibo Hut akauliza kofia yake iko wapi. Hapo nikalia.

Mpaka leo nikiona picha ya macheo ya Mawenzi, natazama kwanza kama watu waliomo wamesimama sawasawa.

Mchana Mwema: Mungu mkubwa. Yuko salama sasa?

Dada wa Rongai: Yuko salama kabisa.

Nyasi za Amboseli: Pole sana dada. Si angepewa chai ya tangawizi na kupumzishwa kidogo hapohapo?

Mgumu wa Mweka: Hapana, ndugu. Nimebeba mizigo mlima huu, naomba mnisikilize. Mtu akipepesuka na kuchanganyikiwa kule juu, huo si uchovu, ni ubongo unavimba. Hapumzishwi, anashushwa, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji yule alifanya kazi yake. Na wapiga picha, mnapotusimamisha kwenye baridi kusubiri mwanga, mtuulize kwanza sisi na wenzenu hali zetu.

Fundi Eksposha: Umesema kweli. Turudi kwenye picha kidogo: mkishuka na kamera baridi, ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia penye joto. Unyevu unashika nje ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Kivuli na Nuru: Na ukijaliwa kufika juu, jua likichomoza geuka magharibi. Kivuli cha mlima kinalala pembetatu juu ya mawingu kuelekea Mlima Meru. Wengi wanakikosa, wako kwenye foleni ya kupiga picha na kibao cha Uhuru, pale juu kabisa.

Lenzi ya Uru: Ninalo ombi moja. Kati ya 1912 na 2011 Kibo ilipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Tuchague kila mtu sehemu moja, apige kutoka hapohapo kila Januari na kila Julai, aandike tarehe na mahali. Theluji ya jana itayeyuka wiki hii, barafu ya zamani haitarudi. Wanaokuja watataka kujua ilifika wapi na lini. Mimi nimechukua Uru. Nani anachukua Machame?

Kihamba cha Babu: Machame ni yangu.

Nyasi za Amboseli: Kaskazini niachieni mimi. Tutumie lenzi ya ukubwa gani ili picha zilingane?