Tupeane uzoefu: kukosa usingizi hapa Lamu, joto, jinamizi na kukoroma

Mkaazi wa Mkomani
Asalaam aleikum ndugu zangu. Kaskazi ikilegea mwezi wa Machi, nyumba za mawe hushika joto hadi usiku wa manane na watu wanateseka. Leteni yanayosaidia, pamoja na vipimo na sababu zake.

Naanza na joto. Mwili hulala joto lake la ndani likishuka. Oga maji ya uvuguvugu dakika 10, saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu hukimbilia kwenye ngozi na joto likatoka. Maji baridi sana hubana mishipa ya ngozi, joto likabaki ndani. Pangaboi lipulize kutoka ubavuni, na chandarua kiwe cha pembe nne, kisikugandame.

Bi Langoni
Ahsante mwanangu. Ila anayekesha usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, huyo joto peke yake halimtoshi. Vidonge navyo visiwe tiba ya kwanza. Apange upya saa za kitandani.

Wiki mbili andika kila asubuhi: ulipanda kitandani saa ngapi, ukaamka saa ngapi, usingizi wenyewe ulikuwa wa jumla ya saa ngapi hivi. Tuseme unajilaza kwa muda wa saa 8 na usingizi wenyewe ni wa muda wa saa 6. Basi kitanda kipewe muda wa saa 6 tu. Ukiamka na adhana, saa 11 alfajiri, usipande kabla ya saa 5 usiku, hata ukisinzia barazani. Usingizi ukifika asilimia 85 ya muda wa kitandani kwa wiki nzima, ongeza dakika 15. Usishuke kamwe chini ya muda wa saa 5 kitandani. Siku za mwanzo utachoka sana. Uchovu huo ndio unaojenga usingizi mzito, kwa hivyo vumilia.

Wengi hukwama baada ya swala ya alfajiri: wanarudi kulala hadi saa 3, kisha wanashangaa usiku macho makavu. Ukishaswali, toka nje upate mwanga. Kailula, yaani usingizi wa mchana, isipite dakika 30, na iishe kabla ya alasiri. Na usiku ukigaagaa kama dakika 20, inuka, kaa ukumbini taa ikiwa hafifu, urudi usingizi ukija. Usitazame saa.

Mwana wa Maji
Shikamoo bi. Na nahodha anayetoka na maji ya usiku?

Bi Langoni
Marahaba. Huyo asipunguze saa za kulala, wala dereva wa bodaboda, wala mwenye kifafa. Akisinzia kazini ni hatari. Alale mara arudipo, madirisha yakiwa na pazia zito, simu imezimwa, na watu wa nyumbani wamstahi kama walalavyo wao usiku.

Mwalimu
Kahawa: baada ya muda wa saa 5 hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe cha saa 2 usiku kinakufuata hadi saa 7. Muguka, aina ya miraa, vivyo hivyo, unakesha.

Jinamizi: akili imeamka, misuli ingali imelegea kama ilivyo wakati wa kuota. Huja zaidi kwa aliyepungukiwa na usingizi na kwa alalaye chali. Lala ubavu. Likikushika, usipigane nalo. Tuliza pumzi, jaribu kutikisa kidole kimoja. Dua someni, na usingizi mliopungukiwa muulipe.

Fundi wa Shela
Anayekoroma, akanyamaza, kisha akashtuka kwa kukwama pumzi, na mchana anasinzia akizungumza, apelekwe kwa daktari. Koo linafunga na hewa haipiti. Jamani msilichukulie hili kama mzaha, linapandisha presha. Asipewe dawa za usingizi kabla hajapimwa.

Waliopewa mashine ya kusukuma hewa ili koo lisifunge: barakoa ikivuja, legeza mikanda kwanza, uivae upya ukiwa umejilaza, kukaza zaidi huikunja na kuzidisha mvujo. Oshea sabuni laini kila asubuhi, mafuta ya uso ndiyo yanayoitelezesha. Maji ya kisima yasiingie kwenye tangi la mashine, chumvi huacha utando mweupe. Hewa yetu ina unyevu tayari, basi punguza kipasha maji, la sivyo matone yatajaa bombani. Stima ikikatika ukawa kwenye betri, kizime kabisa kipasha hicho. Ndicho kinachokula umeme mwingi.