Kitabu kipi kianze? Kuwaeleza watoto wadogo mateso ya Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia

Mama Rehema (Köln)

Habari zenu wazazi wenzangu. Hapa Köln, mbele ya milango ya nyumba nyingi, yamepachikwa mawe madogo yenye bamba la shaba. Kila jiwe lina jina la mtu aliyekuwa akiishi humo akateswa na utawala wa Hitler, mwaka aliozaliwa na yaliyompata. Msanii Gunter Demnig aliyaanzisha miaka ya 1990 mjini humu humu, na sasa yamepita 100,000 Ulaya nzima. Kitindamimba wangu ana miaka 7, amejua kusoma, na hapiti jiwe bila kulisoma. Anauliza kwa nini watoto nao wana mawe. Dada yake ana miaka 10 na shuleni ameshasikia jina la Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Kumdanganya sitaki, na kumlaza na picha za maiti kichwani sitaki pia. Nimeazima maktaba vitabu vinne. Nasoma mwenyewe kwanza, halafu nitawasimulia kwa Kiswahili jioni.

"Terrible Things" cha Eve Bunting (1980) ni kitabu cha picha. Wanyama wanaishi msituni kwa amani, vinakuja vitu vya kutisha na kuwachukua kundi baada ya kundi, ndege, kindi, vyura, na kila mara waliobaki wanajituliza kwamba wao hayawahusu. Mwisho inafika zamu ya sungura weupe. Hakina damu, kinamalizika kikao kimoja.

"When Hitler Stole Pink Rabbit" cha Judith Kerr (1971) ni maisha ya mwandishi mwenyewe, amejipa jina la Anna. Ana miaka 9, baba yake anaandika dhidi ya Hitler, na mwaka 1933 wanatoroka Berlin kwenda Uswisi, Paris, kisha London.

"Number the Stars" cha Lois Lowry (1989): Denmark mwaka 1943, msichana wa miaka 10 na familia yake wanamficha rafiki yake Myahudi.

"Hana's Suitcase" cha Karen Levine (2002): sanduku la msichana aliyeuawa Auschwitz linafika Japani, na watoto wa huko wanataka kujua mwenyewe alikuwa nani.

Kwa mdogo nimeelekea kwenye kile cha wanyama. Mnasemaje?

Mkutubi wa Watoto (Nairobi)

Mama Rehema, mimi ningekiacha hicho kwanza.

Mwanao amekuuliza kuhusu mtu mwenye jina, aliyekuwa na mlango na barabara. Ukimjibu kwa sungura unamtoa pale alipo na kumpeleka mbali zaidi. Katika kitabu kile hakuna Myahudi, hakuna Ujerumani, na wabaya wenyewe ni vivuli visivyo na sura. Mtoto atatoka na funzo la kumtetea jirani, na ni funzo jema. Lakini hatajua kwamba waliowaandikisha Wayahudi walikuwa makarani, waliowafukuza watoto wao madarasani walikuwa walimu, na waliowapandisha kwenye treni walikuwa polisi waliorudi nyumbani kula chakula cha jioni. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika habari hii, na kwenye hadithi ile limetoweka.

Kuna jambo jingine linalowahusu watoto wetu. Wamekua na Sungura mjanja anayemshinda Fisi na Simba kwa akili. Nilipowasomea kitabu hiki kikundi cha Jumamosi, walikaa wanasubiri hila yake. Haikuja. Wengine waliona waliochukuliwa walikosa ujanja tu, na fikra hiyo ni ya hatari sana kwa somo hili.

Chagua cha Judith Kerr. Mateso yamo, tena yanaitwa kwa jina, lakini yanamfikia msomaji kwa kipimo cha mtoto: mwanasesere aliyeachwa nyuma, lugha mpya, shule mpya, wazazi wanaohesabu senti, vitabu vya baba vinavyochomwa moto Berlin. Familia inabaki pamoja hadi ukurasa wa mwisho. Kwa wa miaka 7, msimulie sura moja moja na uruke zinazorefuka.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Salaam wanangu. Mkutubi amesema vizuri, ila nampinga kidogo.

Nimefundisha madarasa ya chini muda mrefu. Mtoto wa miaka saba hupokea kisa cha wanyama na papo hapo anauliza, "Hao ni nani hasa?" Swali likitoka kinywani mwake, jibu lako linaingia. Ubaya ni kufunga kitabu na kuzima taa. Ukikisoma cha Bunting, siku ya pili mpeleke kwenye jiwe na umwambie: waliochukuliwa walikuwa watu, Wayahudi, na walikaa nyumba hii. Bila hatua hiyo ya pili nakubaliana na Mkutubi, bora usikisome kabisa.

Kwa binti wa miaka 10 sina shaka, ni "Number the Stars". Kuna mahali msichana anaukata mkufu wa rafiki yake wenye nyota ya Daudi, alama ya Kiyahudi, na kuuficha kiganjani wakati askari wa Kijerumani wamesimama chumbani. Hakuna anayepigwa, lakini watoto huacha kupumua. Kuna pia kile kitambaa anachopelekewa mjomba mvuvi, cha kuua uwezo wa mbwa wa kunusa watu waliojificha ndani ya mashua. Mwandishi anaeleza mwishoni kwamba jambo hilo lilikuwepo kweli: unga wa damu kavu ya sungura uliochanganywa na kokeini. Oktoba 1943 Wadenmark walivusha Wayahudi zaidi ya 7,000 kwenda Uswidi kwa mashua za uvuvi. Mtoto anahitaji kujua kwamba kuna watu wa kawaida waliokataa.

Jambo moja dogo: akikuletea kisa cha mfalme wa Denmark kuvaa nyota ya njano, ile ambayo Wanazi waliwavisha Wayahudi kwa nguvu kwingineko, si kweli. Wayahudi wa Denmark hawakulazimishwa kuivaa.

Baba Keza (Kigali)

Shikamoo Mwalimu. Nasoma maneno yako kwa heshima, na nataka kuongeza jambo linaloniuma kuhusu visa vya wokovu.

Yaliyotokea Denmark yalikuwa nadra. Ukimsomea mtoto kisa hicho tu, ataamini kwamba kila Myahudi alikuwa na jirani na mashua. Uholanzi walisafirishwa Wayahudi wapatao 107,000, wakarudi kama 5,000. Waliouawa kwa jumla ni milioni 6, na kati yao watoto wanakaribia milioni moja na nusu. Sisemi umpe mtoto wa miaka 10 hesabu hizi usiku. Nasema mzazi azijue, ili akimaliza kusoma aweze kusema kwa ukweli: "Hawa waliokolewa. Wengi hawakuokolewa, na haikuwa kosa lao." Na cha Judith Kerr kinahitaji sentensi ya namna hiyo hiyo, kwa sababu familia ile iliondoka 1933, njia zikiwa bado wazi. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi wa Kiyahudi, na karibu zote zilikataa kuongeza idadi ya wanaowapokea. Mtoto atakuuliza kwa nini wengine hawakuondoka pia. Uwe na jibu hilo.

Halafu kuna hili. Pale kwenye ukumbusho wa Gisozi, hapa Kigali, kuna chumba cha watoto waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kwenye picha zao pameandikwa chakula walichopenda, mchezo walioupenda, rafiki yao alikuwa nani. Anayeingia anakutana kwanza na mtoto aliyeishi. Vitabu vingi vya somo hili vinamleta Myahudi siku ile anapoanza kuwindwa, na mtoto wetu, ambaye pengine hajawahi kukutana na Myahudi hata mmoja, anamjua kama mtu wa kuteswa tu. Mama Rehema, kabla ya vitabu vyako vinne tafuta kimoja cha familia ya Kiyahudi ikiwasha mishumaa ya Sabato, ikila, watoto wakigombana. Wawajue kwanza kama watu, ndipo wasikie walivyonyang'anywa utu wao.

Na majina ya mawe hayo yatamkeni kwa sauti.

Bi Mwanakhamis (Mombasa)

Shikamooni wakubwa, na wengine salaam. Baba Keza, Mungu awape faraja.

Mimi wangu wana miaka 9 na 11. Kwenye simu wanakutana na watu wanaosema mambo haya hayakutokea, au kwamba Wayahudi walistahili. Yanaletwa kana kwamba ni sehemu ya dini yetu, na hilo silikubali nyumbani mwangu. Kuna kitabu ambacho Mwislamu yumo upande wa waliosaidia? Si kwa kujisifu. Nataka wajue mlango upo.

Mkutubi wa Watoto (Nairobi)

Bi Mwanakhamis, kipo. "The Grand Mosque of Paris" (2009) cha Karen Gray Ruelle na Deborah Durland DeSaix, chenye michoro mizuri, kinasimulia jinsi Msikiti Mkuu wa Paris chini ya Si Kaddour Benghabrit ulivyowaficha Wayahudi wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa. Maneno ni mengi, ni cha miaka 9 kwenda juu. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu idadi ya waliofichwa, kwa hiyo usiwape watoto namba.

Na simulia Albania hata bila kitabu. Familia za Kiislamu kule ziliwachukua Wayahudi majumbani, wakiwemo wageni waliokimbilia nchini, kwa sababu katika desturi yao mgeni aliyepewa ahadi ya ulinzi hatolewi kwa adui. Refik Veseli alikuwa kijana aliyejifunza kupiga picha katika studio alikofanya kazi mpiga picha Myahudi, Moshe Mandil. Aliipeleka familia nzima ya Mandil kwa wazazi wake mlimani Krujë. Mwaka 1987 Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji haya kule Yerusalemu, ilimtambua kuwa mwokoaji wa Wayahudi, Mwalbania wa kwanza. Mtoto wa Mombasa anaelewa haki ya mgeni bila kufafanuliwa.

Juma (Toronto)

Naongeza kuhusu "Hana's Suitcase", maana hapa kwetu kinasomwa sana na kaka yake Hana, George Brady, aliishi Toronto hadi alipofariki 2019.

Nguvu yake ni mpangilio. Sura moja uko Tokyo na mwalimu Fumiko Ishioka na watoto wanaopeleleza, sura nyingine uko Chekoslovakia ya miaka ya 1930, Hana anateleza kwenye theluji na kusaidia dukani kwa wazazi. Kila giza linapozidi unarudishwa Tokyo kupumua. Picha za familia zimo, kwa hiyo ombi la Baba Keza limetimizwa humo humo. Lakini Hana anauawa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 13, na kitabu hakikwepi. Mimi ningesema miaka 10 akiwa na mzazi pembeni, chini ya hapo hapana. Na ujue kwamba mwaka 2004 iligundulika sanduku lile ni nakala, la asili liliungua Birmingham, Uingereza, mwaka 1984. Mwambie binti mapema, asije akakuta kwenye intaneti mtu anayelitumia hilo kudai kwamba Hana hakuwepo.

Kuna kingine hamjakitaja na nakikataa waziwazi: "The Boy in the Striped Pyjamas" cha John Boyne. Walimu wengi wanakipenda kwa sababu kinaliza. Lakini watoto wawili kukaa wanapiga gumzo kwenye seng'enge ya Auschwitz siku baada ya siku ni jambo lisilowezekana. Watoto na vijana zaidi ya 200,000 walipelekwa pale, na wengi wa Wayahudi kati yao waliuawa siku ile ile ya kufika. Mbaya zaidi, machozi ya mwisho yanamwendea mtoto wa kamanda wa kambi. Januari 2020 makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalisema kitabu hicho kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia hii. Nakubaliana nayo.

Mama Rehema (Köln)

Ahsanteni sana, mmenibadilisha mawazo. Cha wanyama nakiweka kando. Mdogo anaanza na Judith Kerr, baada ya kupata kimoja cha Sabato. Dada yake "Number the Stars", kisha Hana tukisoma naye. Anaulizia shajara ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha Uholanzi, rafiki zake wameitaja. Na je, kuna chochote kinachogusa kwetu Afrika Mashariki?

Mkutubi wa Watoto (Nairobi)

Anne Frank alianza kuandika akiwa amefikisha miaka 13, na mengi anayoyaandika ni ya umri huo: mwili, ugomvi na mama, mapenzi. Msubirishe. Shajara inakatika kabla ya kukamatwa kwao Agosti 1944, kwa hiyo kifo chake katika kambi ya Bergen-Belsen utakisimulia wewe.

Kwetu kipo kisa cha Stefanie Zweig. Alizaliwa 1932 Leobschütz, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo, katika familia ya Kiyahudi, na 1938 familia ikafika Kenya. Baba aliyekuwa wakili akawa msimamizi wa shamba. Vita vilipoanza Waingereza waliwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, ingawa walikuwa wamemkimbia adui huyo huyo. Walirudi Ujerumani 1947. Riwaya yake "Nirgendwo in Afrika" ni ya watu wazima, Kiswahili kimejaa humo, na wewe unayesoma Kijerumani unaweza kumsimulia binti vipande.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Mama Rehema, kabla hujaanza cha Judith Kerr, tafuta mapema habari za mjomba Julius. Si ndugu wa damu, ni rafiki wa familia, mtaalamu wa wanyama aliyebaki Berlin. Bibi yake alikuwa Myahudi, basi akaondolewa kazini, na mwishowe akanyang'anywa hata kibali cha kuingia bustani ya wanyama, ambayo ndiyo iliyokuwa furaha yake. Akajiua kwa dawa za usingizi. Kimeandikwa kwa upole, lakini mtoto wa miaka 7 ataelewa. Kwa mdogo sema tu kwamba alifariki, na ueleze kwa kirefu alivyonyimwa wanyama wake, maana hapo ndipo mtoto atauliza mengi. Dada yake mwache asome mwenyewe, nawe ukae karibu.