Humjui mtu mpaka umuuzie chips akiwa na njaa. Nimechoka na wateja!!

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni ke, miaka 25, diploma yangu ya manunuzi iko kabatini inakula vumbi, na kwa miezi 14 nimekuwa keshia sehemu ya kuku na chips huku Sinza. Jina la sehemu sitaji, msinifuate PM kuuliza. Juzi nimeacha kazi kwa hiyo leo namwaga yote, anayetaka kunitukana anitukane tu, nimeshazoea.

Tuanze na salamu. Nchi hii ukimpita mzee bila shikamoo unaambiwa kwenu hawakukulea, ila mtu huyohuyo akinikuta nimevaa eproni na kofia ananiita "tssss we dada" kama anafukuza paka jikoni, anaagiza huku anaongea na simu, mimi nabahatisha kama hilo "nusu" ni kuku au ni mambo ya huyo anayeongea naye, nikikosea mjinga ni mimi. Halafu kuna hawa kaka zangu wa kusoma beji. Jina langu lina herufi tano bro, unalisoma dakika nzima unatafuta nini kifuani kwangu?

Kuna mmoja siwezi kumsahau. Mchana, tai, kitambulisho cha kazi shingoni. Kaagiza chips na kuku robo, nikamwambia samahani kaka pilipili ya pakiti imeisha, ipo ya chupa. Akasukuma sinia chips zikamwagika upande wangu, akaanza nyie mmezoea kuhudumia watu wa hovyo, sijui nitaongea na mwenye hapa ufukuzwe leoleo. Katikati ya matusi simu yake ikaita. Aisee! "Naam bosi. Shikamoo bosi. Nipo njiani bosi naingia sasa hivi." Njiani wapi, kuku hajamgusa! Kasauti kamelainika utadhani mtoto anaomba hela ya daftari. Akakata simu, akanigeukia, akaendelea na matusi palepale alipoishia.

Na msije mkasema ni matajiri tu. Makonda wamenirushia noti kwenye kaunta zikaanguka chini niziokote, na kuna mama mmoja ana gari la maana kila Jumapili ananiuliza "umekula mwanangu?" na anasubiri nimjibu. Kwa hiyo hela haikuambii kitu. Kinachokuambia ni njaa, foleni, na mpira. Siku ya Simba na Yanga, aliyefungwa chips zake zina chumvi nyingi, aliyeshinda anaziona tamu, na zote zimetoka kwenye mafuta yale yale. Umeme ukikatika ndo usiseme, mashine za kukaangia zimezima, watu wananitolea macho mimi kama nimekalia swichi.

Sasa hili ndo limenitoa kazini. Ijumaa mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni. Jamaa na watoto wawili, oda ya 32,000, akasema analipa kwa lipa namba. Akanionyesha meseji, "Imethibitishwa" na kila kitu. Simu ya ofisi haijaingiza kitu. Nikamwambia kaka subiri kidogo, mtandao leo unasumbua. Foleni nzima ikanigeuka: mpe bwana aende, watoto wana njaa, una roho mbaya, si umeona meseji. Dada mmoja hadi akasema mungu anakuona. Nikamfungia oda yake, akaondoka. Usiku tunafunga hesabu, shoti 32,000, meseji ilikuwa ya kutengeneza. Nikaangalia kile kiti mwanae mdogo alitapika soda nikadeki mimi, nikacheka kwa hasira. Wale wote walionipigia kelele wako wapi? Hakuna hata mmoja aliyechangia mia. Watu wana huruma nyingi sana kwenye hela ya mwenzao wakuu, hili nimelijua pale pale kaunta.

Bosi naye mtu. Hakuuliza, hakuandika chochote, alichukua kalamu akakata 32,000, akaongeza na sinia la kuku lililoungua siku ambayo sikuwepo, jumla 51,000 kwenye mshahara wa 180,000. Baadaye rafiki yangu aliyesoma sheria akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: hasara hukatwi hivihivi, kosa liwe lako kweli, uandikiwe deni limetokana na nini na limepigwaje hesabu, upewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 180,000 ni 45,000, piga hesabu mwenyewe. Nilipomwambia bosi hivyo akacheka akasema "mwanasheria wa chips". Eproni nikaivulia palepale kaunta, kuna mteja akaniuliza "sasa oda yangu nani anafunga?"

Kwa hiyo wewe baba wa watoto wawili, shati la draft la bluu, kama umo humu JamiiForums na huwa unatoa ushauri kwenye nyuzi za malezi, namba ya kulipia unayo. Tuma 32,000. Na safari hii nitasubiri simu iingize kwanza.