Mnatushtua, hamtutishi! Tamthilia za mizimu zimekuwa mashindano ya makelele

Wakuu, habari za saa hizi. Niacheni nitoe povu kidogo, maana usingizi wenyewe umeshakatika.

Usiku huu nilikaa makusudi niogope. Taa nimezima, simu nimeiweka mbali, shuka nimelivuta hadi kidevuni, nikafungulia tamthilia ya nyumba yenye mzimu inayosifiwa kila kona. Hivi ninavyoandika watoto wameamka, mwenzangu amehamia chumba kingine kwa hasira, na mimi sijaogopa hata chembe.

Ilikuwa hivi. Wahusika wote wananong'ona, hata wakiulizana chumvi iko wapi. Nashika remoti, naongeza sauti: 20, 30, bado sisikii dada wa watu anasema nini. Nafika 40. Anausogelea mlango wa stoo. Kimya. Anashika kitasa. Kimya. PAAAH! Paka. Paka, jamani! Karuka kutoka kabatini, na fidla zote za ulimwengu zimepigwa kwa mpigo mmoja. Moyo uliruka, sikatai, lakini moyo wangu huruka hata sufuria ikianguka jikoni, na sufuria silipii kila mwezi.

Nikaanza kuhesabu. Sehemu ya kwanza peke yake imenipigia kelele mara 11. Tatu kati ya hizo ni mume karudi kutoka kazini. Mume mwenye funguo zake, nyumbani kwake, na muziki wa mazishi!

Kushtuka na kuogopa ni vitu viwili. Kushtuka ni kazi ya masikio, sekunde mbili kumekwisha, unacheka, unaendelea na karanga zako. Kuogopa kunakufuata hadi msalani. Unanawa mikono huku hutaki kuinua macho kwenye kioo. Sisi wapenzi wa hadithi hizi tunatafuta hilo la pili: kukaa mahali salama huku mwili umesahau kwamba uko salama.

Na si siri ya wachawi, waongozaji wanalijua tangu zamani. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, François Truffaut, katika mahojiano yao marefu ya 1962: watu wanapiga soga mezani, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji amepata sekunde 15 za mshtuko. Lakini mwonyeshe kwanza kwamba bomu liko chini ya meza na saa inakwenda, halafu waache wale watu waendelee na soga lao la kipuuzi, hapo amepata dakika 15 za taharuki. Dakika 15 dhidi ya sekunde 15, bomu ni lilelile! Hesabu gani hii inawashinda?

Tena nadhani teknolojia imewalemaza. Steven Spielberg alipotengeneza filamu ya papa, Jaws, iliyotoka 1975, papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi amfiche. Ukaonyeshwa maji, pipa linaloburutwa, muziki wa noti mbili, na papa mwenyewe unakuja kumwona vizuri baada ya saa nzima kupita. Watu wakaogopa kuoga baharini. Leo kompyuta haiharibiki kwenye maji ya chumvi, basi mzimu unaletwa dakika ya nne, umeangaziwa taa, unahesabu meno yake hadi la mwisho. Ukishayahesabu umemzoea, ni jirani tu mwenye sura mbaya.

Kuna atakayeniambia hata The Haunting, filamu ya 1963 ya nyumba yenye mzimu, ina makelele. Ndiyo, imo mishindo ya ukutani ya kutosha. Ila inaanzia mbali, inakuja taratibu kwenye ukumbi, inatafuta mlango wenu. Kisha mlango wa mbao unavimba kama unapumua, na mzimu wenyewe haonyeshwi mpaka filamu inaisha. Ile kelele imekuja na hadithi yake, haikutoka kwa paka.

Halafu kitabu! Kitabu hakina spika wala fidla, kinatutishaje? Niliwahi kusoma hadithi fupi ya jamaa anayeishi peke yake. Kurasa nyingi kinachotokea ni kiti tu. Kila asubuhi anakuta kiti cha chumbani kimegeuka kidogo, upana wa kidole, kuelekea kitandani. Anakirudisha. Kesho vidole viwili. Asubuhi moja anaamka, kiti kiko palepale alipokiacha. Anashusha pumzi, anakikalia avae viatu, anakuta kina joto. Basi, imeisha hapo. Hakuna damu, hakuna maelezo. Usiku ule nilitoa kiti changu chumbani nikakipeleka sebuleni, mtu mzima mimi, na hadi leo hakijarudi.

Hao wa televisheni wangepewa hadithi hiyo wangeweka sehemu nzima ya mwisho kutueleza aliyekalia kiti ni nani, alikufa mwaka gani, mama yake alimtesa vipi akiwa mdogo. Mzimu unapata wasifu kama anaomba kazi!

Na nyie mnaokatiza hadithi pabaya ili msimu wa pili uje, kisha msimu wa pili hauji, zamu yenu ipo. Leo sina nguvu.

Kwa hiyo wadau, mwenye tamthilia, filamu au kitabu kinachotisha polepole, akitupie hapa chini. Msinisimulie mwisho. Sharti langu ni moja tu: nisilazimike kushika remoti. Paka akiwemo, awe amelala.