Waandishi wa simulizi, mbona steringi wenu wa kike akifika sehemu ya 38 anasahau kila kitu??

Leo sinyamazi. Mimi napaka hina na piko hapa Lamu, upande wa Langoni, na kazi yetu mnaijua, ukishamchora mtu inabidi akae mikono juu mpaka ikauke, hata simu yake mwenyewe hawezi kushika, kwa hiyo mie ndo huwasomea simulizi za kwenye grupu. Wengine nadhani wanakuja kwa ajili ya stori, piko kisingizio. Kuna bibi mmoja jirani yeye hapakwi chochote, anakuja kusikiliza tu, bado yuko mlangoni utamsikia, "Ndoo unisomee, yeo ameuwa nani?"

Basi tukaanza hii moja, jina silitaji na mwandishi simtaji, akipita hapa atajijua. Steringi ni mdada jasusi, gauni jekundu la kumbana, kucha ndefu, wigi mpaka kiunoni, bastola ndani ya pochi. Na nyie mnaosema ati hawa wadada wa kujiremba ni upuuzi mniwie radhi, sisi tulimpenda hivohivo, kujipamba kwa wanawake ndo kunanilisha, siwezi kumchukia mtu kwa kucha zake. Sehemu ya 4 majambazi walimtia pingu akazifungua kwa pini ya nywele huku anapiga nao soga, wala jasho halimtoki. Sehemu ya 9 akavaa buibui juu ya lile gauni akapita katikati ya watu wanaomtafuta, akawatolea salamu, na wao wakaitikia! Tulicheka mpaka mteja mmoja akajipaka piko shavuni, nikamchora upya bure.

Mambo mengine tulivumilia. Ati anashuka uwanja wa ndege wa Lamu anaingia kwenye Range Rover nyeusi mpaka hotelini. Bwana we, uwanja uko Manda, kisiwa kingine, ukishuka ndege unaenda gatini unapanda boti, na ukifika mjini vichochoro vyetu punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja itabidi arudi nyuma, pikipiki zenyewe tunagombana nazo, hiyo Range Rover ilipita juu ya mapaa? Halafu anafukuzwa usiku na visigino virefu, mtaro mmoja tu ungemmaliza. Lakini tukasema sawa, ni stori, mwandishi hajafika huku, tufanyeje.

Sehemu 30 za mwanzo bure, kuendelea shilingi 200. Tukachanga. Bibi alitoa hamsini yake, kaifungua kwenye pindo la leso.

Sasa sehemu ya 38. Wamemkamata wamemfunga kamba ndani ya jahazi. KAMBA. Mtu aliyefungua pingu! Tunangoja atoe pini, tunangoja amzuge nahodha, bibi ashaanza "ngoja, ngoja utamuona", mdada analia. Sehemu nzima analia anaita jina la yule tajiri, tajiri ambaye toka sehemu ya 12 kazi yake ilikuwa kupiga simu kuuliza mpenzi umekula. Mara huyo na helikopta, anawatwanga watu sita peke yake na koti halijakunjika, kajifunzia wapi na lini hatuambiwi. Kufika sehemu ya 40 mdada kaacha kazi, kakata kucha, yuko jikoni kwa mama mkwe anachambua mchele. Itaendelea.

Kimya kikapita hapo chumbani. Halafu bibi akauliza, "Na ile pini?"

Jamani, na ile pini?? Nijibuni. Kila nikiuliza kwenye grupu naambiwa wasomaji wanataka mapenzi. Mapenzi nani kakataa, mwolewe, mzae, lakini huyu mdada mlituuzia kwa ujasiri wake, picha ya juu ameshika bastola si mwiko, hela yetu mmekula kwa jina la bastola. Kwani tajiri hafungiki kamba? Si angetekwa yeye, mdada akamfuata huko Manda na gauni lake lilelile?

Na msiniletee ile ya mwanamke haaminiki bila mtu wa kumuokoa. Malindi hapo wameweka sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mama wa Kigiriama, mjane, 1913 anazunguka na ngoma ya kifudu anakusanya watu, anawaambia wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi, wakamkamata wakampeleka mbali huko magharibi ya nchi, 1914 akatoroka na mwenzake Wanje wakarudi Pwani kwa miguu. Kwa miguu, nchi nzima, hakuna aliyemletea helikopta. Ukiiandika hiyo kwenye grupu watakwambia umetia chumvi. Na bibi yetu asili yake kisiwa cha Pate, kwao karne ya 18 walitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, kwa hiyo mwanamke kushika amri hakumshangazi hata kidogo, kilichomshangaza ni mtu mzima kusahau pini yake kichwani.

Sehemu ya 41 imetoka jana sijaifungua. Bibi kaja asubuhi nikamwambia bando limeisha, na uongo siujui, aliniona usoni.

Mwandishi kama uko humu, hiyo 200 kaa nayo, we rudia 38 tu. Na wenzangu, kama kuna simulizi ambayo mdada anafika mwisho na akili zake zote iwekeni hapa chini, Alhamisi nina mabi harusi wawili na sina cha kuwasomea.